Mauaji ya Wenza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mkoani Tabora

Maswali yaliyo hapa chini huulizwa karibu kila tunapoitisha kikao cha elimu ya sheria katika kata za Urambo, Kaliua na Uyui. Mengine mtu husimama nayo hadharani, na mengine huletwa chini ya mwembe watu wakishatawanyika. Majibu yameandikwa na msaidizi wa kisheria, si daktari wala hakimu, na pale ninapotoa maoni yangu nimesema hivyo.

Mauaji ya wenza ni yapi hasa?

Ni mauaji ambayo aliyeua ni mume, mke, mchumba au mpenzi wa marehemu, awe wa sasa au wa zamani. Maneno "wa zamani" hayakuwekwa kwa kujazia, kwa sababu sehemu kubwa ya mauaji haya hutokea watu wakiwa wameachana au mmoja akiwa anajiandaa kuondoka, na anayehesabu ndoa zilizo hai peke yake huyakosa. Wala cheti si kigezo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, inawadhania kuwa mume na mke watu walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi hadi jamii ikawatambua hivyo, na wengi wa tunaowahudumia vijijini wanaishi katika hali hiyo.

Yafaa pia kuyatenga mauaji haya na mengine ya nyumbani. Kijana anayemuua baba yake kwa ajili ya shamba, au ndugu wanaomuua shangazi yao kwa tuhuma za uchawi, wametenda mauaji ya kifamilia ambayo mizizi yake ni mingine, na nitayarudia mbele kidogo.

Kiwango chake hupimwaje, na kwa nini tunasikia namba zinazogongana?

Hupimwa kwa idadi ya waliouawa katika mwaka mmoja kwa kila watu 100,000. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 duniani waliuawa na wenza au ndugu zao, yaani karibu 140 kila siku; Afrika ilikuwa na kiwango cha juu kuliko mabara yote, 2.9 kwa kila wanawake na wasichana 100,000, ilhali Ulaya ilikuwa na 0.6. Angalia kwamba namba hizo zimechanganya wenza na ndugu, na kwamba kwa Afrika ni makadirio, maana nchi nyingi za bara hili hazina kumbukumbu kamili.

Sasa tuilete hesabu nyumbani. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Tabora na watu 3,391,679, wanawake wakizidi nusu kidogo. Kama kiwango hicho cha bara kingekuwa ndicho cha mkoa wetu, na sisemi kwamba ndicho, tungetarajia vifo vipatavyo 50 kwa mwaka, yaani kama saba kwa kila wilaya. Kwa namba ndogo kiasi hicho, wilaya yenye vifo vinne mwaka huu na tisa mwaka unaofuata haijathibitisha kwamba kuna wimbi lolote, kwa kuwa bahati peke yake yaweza kuleta tofauti hiyo. Ukisikia kwamba matukio yameongezeka maradufu, uliza yametoka ngapi hadi ngapi, na kwa miaka mingapi.

Kuna tatizo jingine, nalo ni kubwa kuliko la hesabu. Kanuni ya Adhabu haina kosa la pekee la kumuua mwenza. Jalada husomeka "mauaji" kama jalada la jambazi, na uhusiano wa mtuhumiwa na marehemu hujulikana tu kwa anayesoma maelezo ya mashahidi. Vingine havifiki hata kwenye jalada, kwa kuwa taarifa iliyotoka nyumbani ilisema marehemu aliteleza kisimani au alikunywa dawa ya mimea kwa hasira. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haiandiki maelezo polisi.

Je, viwango hivi hubadilika kweli, au binadamu ni yule yule?

Hubadilika, na hubadilika kwa kasi ambayo tabia ya binadamu haiwezi kuieleza. Nchini Marekani mwaka 1976 wanawake 1,600 na wanaume 1,357 waliuawa na wenza wao. Kufikia mwaka 2000 wanawake walikuwa 1,247 na wanaume 440. Afrika Kusini, watafiti wakiwemo Naeemah Abrahams na Rachel Jewkes walipitia kumbukumbu za mochari na majalada ya polisi, wakakuta kiwango cha wanawake waliouawa na wenza wao kimeshuka kutoka 8.8 kwa kila 100,000 mwaka 1999 hadi 5.6 mwaka 2009. Hata baada ya kushuka hivyo bado kiko juu mno, lakini hakuna anayeweza kudai kwamba katika miaka kumi wanaume wa Afrika Kusini walizaliwa upya na mioyo mingine. Kilichobadilika ni mazingira waliyomo, na ndiyo maana ukurasa huu unahusu mambo ya kijamii zaidi ya tabia za watu.

Taarifa za polisi husema "chanzo ni wivu wa mapenzi". Si hilo tu?

Hilo ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu langu ni kwamba "wivu wa mapenzi" ni jina la kile muuaji alichosema alihisi, ambalo watu hulichukua kama maelezo ya kwa nini mtu amekufa. Wivu uko Ulaya kwenye 0.6 na uko Afrika kwenye 2.9. Uko kwa wake na uko kwa waume. Kama ungekuwa ndio chanzo, wake wenza wa Unyamwezi, ambao wana sababu za wivu kila jioni, wangekuwa wamekwisha kuwamaliza waume zao.

Watafiti wa Canada, Margo Wilson na Martin Daly, walilieleza jambo hili vizuri tangu miaka ya 1980: nyuma ya wivu unaoua kuna dhana ya umiliki, yaani mtu kumwona mwenzake kama mali ambayo ikiondoka imeibwa. Dhana hiyo haizaliwi kifuani mwa mtu mmoja. Hujengwa na ng'ombe waliotolewa, na jina lililo kwenye akaunti ya chama cha ushirika, na mzee wa baraza anayesema "rudi kwako". Kwa hiyo mimi huuliza swali tofauti na la polisi, bila kuwadharau, maana kazi yao ni kumpata aliyeua. Nauliza: aliyeuawa alikuwa na njia gani ya kutoka katika nyumba ile, na ni nani alikuwa ameifunga? Viwango vinapopanda na kushuka, mara nyingi ni njia hiyo inayofunguka au kuziba.

Fedha za tumbaku zinahusikaje?

Tumbaku ya mvuke ni kazi ya mwaka mzima ya familia nzima. Kitalu huandaliwa kiangazi, miche huhamishwa mvua zinapoanza, majani huchumwa na kukaushwa kwenye mabani usiku na mchana, halafu huchambuliwa kwa madaraja na kufungwa marobota. Sehemu kubwa ya kuchuma, kutunga na kuchambua hufanywa na wanawake na watoto. Kisha msimu wa masoko unafika, na malipo huingia katika akaunti ya mwanachama wa chama cha msingi, ambaye kwa kawaida ni mume, baada ya kukatwa mkopo wa mbolea na pembejeo.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza, na mtu yeyote aliyekaa katika ofisi ya kijiji wakati wa masoko anaujua. Mke amefanya kazi mwaka mzima na haoni hata stakabadhi. Mume naye huenda ameambiwa kwamba deni limemeza mauzo na hana cha kuonyesha, au ameonekana mjini na mwanamke mwingine. Ninapata malalamiko mengi zaidi katika miezi hiyo kuliko wakati wa kilimo. Ni uzoefu wa daftari langu tu, usiuchukue kama utafiti.

Niruhusu nieleze tukio moja. Mwanamke mmoja alifika mbele ya baraza katika kata moja, mtoto mgongoni, vitu vyake vikiwa ndani ya kanga aliyoifunga fundo. Alipiga magoti kidogo, akasema, "Shikamoo baba." Mwenyekiti akaitikia, akamsikiliza, kisha akamwambia kwa upole wa kweli, "Mwanangu, nyumba gani haina moshi? Masoko yakiisha atatulia."

"Baba, nimevumilia misimu minne," akajibu. "Zamani alikuwa ananipiga. Siku hizi ananikaba."

Baraza likanyamaza kidogo. Katibu, ambaye alikuwa akiandika kwa kalamu ya wino mwekundu kwa sababu ya bluu ilikuwa imekwisha, akaandika: "Ugomvi wa kifamilia. Wameshauriwa kupatana." Neno "kukaba" halikuingia kwenye daftari. Nitaeleza baadaye kwa nini neno hilo lilikuwa zito kuliko mengine yote aliyoyasema.

Mahari humlinda mwanamke au humfunga?

Yote mawili, kutegemea ni siku gani. Siku ya kwanza ni heshima, na familia zilizokula pamoja huwa na sauti ya kumkemea mume. Siku ya kuondoka mambo hugeuka. Matamko ya sheria za mila ya mwaka 1963 yaliweka kanuni za kurudisha mahari ndoa inapovunjika, na ingawa mahakama leo hutazama Sheria ya Ndoa na Katiba kwanza, katika fikra za watu hesabu ya ng'ombe haijafutwa. Baba ambaye ng'ombe wa binti yake walimwozesha kaka wa binti huyo hana wa kurudisha. Hivyo anampokea kwa siku tatu, anampikia, halafu anamsindikiza kurudi. Nimewaona wazee wa namna hiyo na si watu wakatili. Wanajaribu kulinda ndoa mbili kwa zizi moja lililokwisha kuwa tupu.

Matokeo yake ni kwamba mwanamke anarudi katika nyumba ambayo mumewe sasa ana uthibitisho kwamba hana pa kwenda.

Kama njia ya kutoka huokoa, mbona wengi huuawa baada ya kuondoka?

Swali hili ni la haki kabisa, na asiyelijibu anaweza kumponza mtu. Jacquelyn Campbell na wenzake walilinganisha, katika miji 11 ya Marekani, wanawake waliouawa na wenza wao na wanawake waliopigwa bila kuuawa. Walikuta kwamba mwanamke anapotengana na mwanamume mwenye tabia ya kumdhibiti kupita kiasi baada ya kuishi pamoja, hatari ya kuuawa huongezeka kama mara tisa. Kukosa ajira kwa mwanamume kuliongeza hatari kama mara nne.

Maelezo yake hayapingani na niliyoyasema juu. Kuondoka kunapunguza vifo pale ambapo wengi wanaweza kuondoka, mapema, wakiwa na mahali pa kufikia ambapo hawafuatwi. Kunaongeza hatari kwa yule anayeondoka peke yake, amechelewa, amejificha nyumba ya pili kutoka kwa mume, na ambaye kila mtu kijijini anaweza kumwonyesha alipo kwa kidole. Kwa mwenye kumiliki, hatari hukua siku anapoona kwamba kitu "chake" kimepotea kabisa. Kwa hiyo ushauri wa "mwache tu uondoke", unaotolewa kwa wepesi na watu wa mjini, hauna tofauti kubwa na ushauri wa "vumilia" kama hauambatani na mpango.

Mwanamke akianza kuwa na kipato chake, si ndiyo anazidisha hatari?

Mara nyingi wanaume huuliza hili wakiwa na jibu mfukoni. Ukweli una pande mbili. Kipato kipya kinaweza kuleta ugomvi kwa muda, hasa pale mume hana kazi na anaona jina lake la "kichwa cha nyumba" limebaki jina tu. Lakini kwa upana wake, tafiti za ruzuku za fedha kwa kaya maskini, za aina inayotolewa hapa kwetu na TASAF, zimeonyesha katika nchi nyingi kwamba ukatili hupungua zaidi kuliko unavyoongezeka, kwa sababu njaa na madeni ndiyo mafuta ya magomvi mengi. Mwanza kulifanyika jaribio lililowaongezea wanawake wa vikundi vya mikopo mafunzo ya vipindi kumi kuhusu jinsia na mahusiano. Kupigwa kulipungua kwa waliopata mafunzo wakilinganishwa na waliokuwa na mikopo peke yake. Ukatili wa kingono haukupungua kwa namna hiyo, na hilo nalo lisemwe.

Je, pombe ndiyo huua?

Pombe huongeza ukali wa kipigo na hupunguza breki, na gongo la msimu wa masoko halimsaidii mtu. Lakini mlevi yule yule hampigi mwenyekiti wa kijiji.

Mbona hamsemi wanaume wanaouawa na wake zao?

Wapo, na vifo vyao vina funzo kubwa. Rudi kwenye namba za Marekani: kwa robo karne vifo vya wanaume vilishuka kwa theluthi mbili, ilhali vya wanawake vilishuka kwa chini ya robo. Laura Dugan, Daniel Nagin na Richard Rosenfeld walilichunguza jambo hilo wakalihusisha na kupungua kwa ndoa, kupanda kwa hali ya kiuchumi ya wanawake na kuongezeka kwa huduma za wanaopigwa. Mwanamke aliyekuwa akiona kwamba kati yake na mumewe lazima mmoja afe, alipata mlango wa tatu. Alitoka, na mume akaishi.

Kwa maneno mengine, makazi ya muda na dawati la jinsia, vitu ambavyo baadhi ya wanaume wetu huvicheka kama "mambo ya haki za akina mama", viliokoa maisha ya wanaume kwa uwiano mkubwa kuliko ya wanawake. Huwa nalisema hili kwenye vikao, na kicheko hupungua.

Kwa upande wa idadi, hata hivyo, uzito hauko sawa. Mwaka 2013 Heidi Stöckl na wenzake walikusanya takwimu za nchi 66 wakakuta kwamba takriban asilimia 38 ya wanawake waliouawa waliuliwa na wenza wao, wakati kwa wanaume waliouawa ilikuwa asilimia 6 hivi.

Silaha zina nafasi gani katika mabadiliko haya?

Kubwa pale zilipo. Katika utafiti wa Campbell, mwanamume kuwa na bunduki kuliongeza hatari kama mara tano. Afrika Kusini ilibana umiliki wa silaha kwa sheria ya mwaka 2000, na watafiti wanaihusisha sehemu ya kushuka kule na kupungua kwa vifo vya risasi. Kwetu vifaa ni panga, shoka na mchi, vitu ambavyo hakuna atakayevisalimisha kwa mtendaji. Gobole ni jambo tofauti, na katika vijiji vinavyopakana na mapori ya hifadhi, gobole lililofichwa darini lihesabiwe kama dalili ya hatari kwa mke kama linavyohesabiwa kwa wanyama.

Sheria ya Tanzania inamruhusu mume kumrudi mkewe kwa kiboko?

Hapana, wala haijawahi kuruhusu tangu mwaka 1971. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenza wake adhabu ya kipigo. Kifungu hicho kina zaidi ya nusu karne, lakini katika utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume walikubali kwamba kuna angalau sababu moja inayohalalisha kumpiga mke. Ndiyo, wanawake ndio wengi zaidi. Nadhani anayepigwa hulazimika kutafuta maana ya kipigo ili aweze kupika jioni ile ile.

"Nilimkuta na mwanamume mwingine." Huo ni utetezi mahakamani?

Hauondoi hatia, ila waweza kuishusha. Chini ya Kanuni ya Adhabu, aliyeua kwa hasira ya ghafla iliyotokana na uchokozi, kabla hasira haijapoa, hutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia badala ya mauaji, ambayo adhabu yake ni kunyongwa, ingawa kwa takriban miaka 30 hakuna aliyenyongwa nchini. Jambo la kuzingatia ni kipimo kinachotumika. Sheria inauliza kama uchokozi huo ungemfanya "mtu wa kawaida" ashindwe kujizuia, na inafafanua kwamba mtu wa kawaida ni yule wa jamii anayotoka mshtakiwa. Maana yake ni kwamba sisi wenyewe, kwa yale tunayoyaona ya kawaida, tunamo ndani ya hukumu. Uingereza ilifuta utetezi wa uchokozi na, kuanzia Oktoba 2010, ikaweka wa kushindwa kujizuia ambao haukubali usaliti wa kimapenzi peke yake uhesabiwe kama uchokozi. Italia ilifuta mwaka 1981 nafuu ya adhabu kwa anayeua "kwa kulinda heshima". Mimi ningependa Tanzania iufikirie mjadala huo bila haraka na bila woga.

Talaka ikiwa rahisi, si familia zitasambaratika?

Familia nyingine zitavunjika, na watu wengine watabaki hai. Majimbo ya Marekani yaliporuhusu mmoja wa wanandoa kuomba talaka bila ridhaa ya mwenzake, wachumi Betsey Stevenson na Justin Wolfers walikuta ukatili wa nyumbani umepungua kwa karibu theluthi, na wanawake waliouawa na wenza wao wamepungua kwa takriban asilimia 10. Cha ajabu ni kwamba ukatili ulipungua hata ndani ya ndoa zilizobaki, kwa sababu mume anayejua kwamba mke anaweza kuondoka huongea naye kwa lugha nyingine.

Kwetu, kwa kawaida ombi la talaka halipokelewi mahakamani bila kupita baraza la usuluhishi wa ndoa. Wengi hawajui kwamba kifungu cha 101 kinaruhusu kuliruka baraza pale mahakama inaporidhika kuwa kuna mazingira yasiyo ya kawaida, na tishio la kuuawa ni hoja ya kuipeleka mbele ya hakimu. Wala hawajui kwamba tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa. Aliyekausha majani banini kwa misimu minne haondoki na kanga tu.

Mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi yamo katika hesabu hii?

Hayamo, ingawa Tabora na Shinyanga zimeyaona mengi na watu huyataja pamoja. Edward Miguel alichunguza vijiji vya wilaya ya Meatu akakuta kwamba katika miaka ya ukame au mafuriko mauaji ya waliotuhumiwa uchawi yaliongezeka karibu maradufu, huku mauaji mengine yakibaki pale pale. Njaa ilimchagua bibi kizee. Kinachoyaunganisha na mada yetu ni kwamba wote wawili, bibi na mke, huwa wanaishi kwa idhini ya watu wengine katika ardhi isiyo na jina lao, wakati Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kuimiliki.

Ndugu zetu wa Kigoma hali yao ni tofauti?

Sura ya fedha ni tofauti: mvuvi wa dagaa wa Kibirizi hupata kwa siku za giza na hukosa mbalamwezi inapong'aa, kwa hiyo ugomvi wa mgawo huja kila mwezi na hausubiri masoko. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, kaya nyingi zilikaa miezi mitatu bila mgawo wowote, na mizigo ikaangukia biashara ndogo za wanawake, mawese na mihogo. Katika kambi za wakimbizi kama Nyarugusu suala ni jingine kabisa, kwa kuwa mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini apendavyo, na mke anayetaka kumkimbia mume huwa na uzio pande zote.

Ni dalili zipi zinazoonyesha kwamba ugomvi huu unaelekea kwenye kifo?

Ya kwanza ni kukabwa koo. Nancy Glass na wenzake walikuta kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake ana hatari ya kuuawa naye zaidi ya mara saba kuliko aliyepigwa bila kukabwa. Kukaba huweza kutoacha alama, na ndiyo maana hudharauliwa. Ulizeni kama sauti ilipotea, kama alijikojolea, kama alizimia hata kwa dakika moja. Nyingine ni vitisho vyenye maelezo ("nitakuua na kujiua, na nimeshachagua siku"), kufuatwafuatwa, kunyang'anywa simu, kipigo wakati wa ujauzito, na mume aliyekuwa mkali ghafla kuwa mtulivu mno huku akigawa vitu vyake.

Lingine ni hofu ya mwanamke mwenyewe. Akisema "huyu ataniua", asijibiwe kwamba anatia chumvi.

Tufanye nini jirani au binti yetu akiwa katika hali hiyo?

Msimpatanishe mbele ya mume. Mpelekeni kituo cha polisi chenye dawati la jinsia na watoto, achukue PF3, yaani fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na daktari aandike "amekabwa" kama amekabwa. Ambapo kuna kituo cha mkono kwa mkono, matibabu, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na ya kuripoti ukatili kwa watoto ni 116. Msaada wa kisheria ni bure kwa wasio na uwezo, kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kabla ya siku ya kuondoka, nakala za vyeti vya watoto, kadi ya kliniki, kitambulisho na nauli vikae kwa mtu ambaye mume hamfikirii. Mara nyingi si mama mzazi wala dada, maana huko ndiko atakakoanzia. Aondoke mchana, mume akiwa shambani au mnadani, na aende mbali kuliko kijiji cha pili. Watoto aende nao. Baba mzazi akiulizwa alipo binti yake, aseme hajui, na ni heri iwe kweli hajui.

Na kama ninyi ni katibu wa baraza, andikeni neno lenyewe alilolitamka.